Pua Kuziba Wakati wa Ujauzito: Mlo Unaosaidia, Usiosaidia na Unaodhuru

Miongoni mwa maswali yanayorudiwa sana na wajawazito wa Lulindi, Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, moja ni hili: ni chakula gani kinachofungua pua iliyoziba wiki baada ya wiki ilhali hakuna homa wala kikohozi? Swali hilo lina uzito, kwa kuwa mjamzito asiyelala usiku kwa sababu ya pua huanza kuacha chakula hiki na kujaribu kile, akifuata kila ushauri anaoletewa nyumbani, mpaka mlo wake unapungua wakati ule ule ambao mwili wake na mtoto vinauhitaji zaidi. Makala hii inaeleza hatua zinazofaa kuchukuliwa, makosa ya kuepukwa na dalili zinazotaka safari ya kituo cha afya bila kuchelewa.

Jibu kwa ufupi ni kwamba hakuna chakula kinachojulikana kuwa tiba ya pua kuziba wakati wa ujauzito. Hata hivyo, namna ya kula, saa ya kula, kiasi cha maji kinachonywewa na hewa ya jikoni vinaweza kupunguza au kuongeza adha hiyo. Jambo la pili, ambalo husahauliwa mara nyingi, ni kwamba pua huathiri mlo kuliko mlo unavyoathiri pua; kwa hiyo lengo la kwanza la mjamzito ni kuhakikisha kwamba pua iliyoziba haimpunguzii chakula.

## Kulitambua tatizo kabla ya kulitafutia dawa

Hali inayozungumziwa hapa ni kuvimba kwa utando laini wa ndani ya pua kunakosababishwa na ujauzito wenyewe. Homoni, yaani kemikali za mwili zinazoongezeka mimba inapokua, hufanya mishipa midogo ya damu katika utando huo itanuke, na kwa kuwa damu ya mjamzito huongezeka hata kukaribia nusu ya kiasi chake cha kawaida, utando hujaa na njia ya hewa hubanwa. Wataalamu huitambua hali hii pale pua inapoziba kwa wiki 6 au zaidi bila dalili nyingine za maambukizi na bila mzio unaojulikana, kisha ikafunguka yenyewe ndani ya wiki 2 baada ya kujifungua. Inakadiriwa kwamba mjamzito 1 kati ya 5 huipata.

Kabla ya kufuata ushauri wowote wa mlo, ni vyema mjamzito ajipime kwa alama hizi:

- Pua ya ujauzito: imeziba pande zote mbili au kwa kupokezana, ute ni mwepesi na mweupe au haupo kabisa, hakuna homa, na adha huzidi mtu anapolala.
- Mafua ya kawaida: huanza ghafla, huambatana na koo kuwasha, kikohozi au uchovu, na kwa kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10.
- Mzio: kupiga chafya mfululizo, macho na pua kuwasha, na dalili kuongezeka mahali au msimu maalumu, kama vile palipo na vumbi au moshi.
- Maambukizi ya vifuko vya hewa vya usoni: maumivu ya paji la uso au mashavu, ute mzito wa njano au kijani, na mara nyingine homa.

Ushauri wa makala hii unahusu zaidi kundi la kwanza, na kwa kiasi fulani kundi la tatu. Makundi mengine mawili, hasa penye homa, yanahitaji uchunguzi, kwa kuwa katika ukanda huu wenye malaria homa ya mjamzito haipaswi kuitwa mafua kabla ya kupimwa.

## Njia nne ambazo mlo huigusa pua

Mjamzito anayetaka kubadili mlo wake kwa ajili ya pua anapaswa kujua mahali ambapo badiliko litaleta faida, ili asipoteze nguvu na fedha kwa mambo yasiyo na matokeo.

1. Maji ya kunywa. Mwili ukipungukiwa na maji, ute huwa mzito na mkavu, huganda puani na kuzidisha hisia ya kuziba.
2. Kiungulia. Tindikali ya tumbo inayopanda kooni, hasa usiku, huwasha koo na nyuma ya pua, na mjamzito huhisi ute umekwama asiweze kuutoa.
3. Vichochezi vya mezani na jikoni. Pilipili nyingi, pombe, moshi wa kuni na mvuke wa mafuta yanayoungua huwasha utando ambao tayari umevimba.
4. Nguvu ya mwili kwa jumla. Mlo wenye madini ya chuma, protini na matunda haufungui pua, lakini humwezesha mjamzito kuvumilia usingizi mbovu na kumkinga na upungufu wa damu, ambao humfanya ahisi kukosa pumzi hata pua ikiwa wazi.

## Hatua za kila siku

### Hatua ya kwanza: maji kabla ya kiu

Kiasi kinachopendekezwa kwa mjamzito ni vikombe 8 hadi 12 vya robo lita kwa siku, yaani lita 2 hadi 3, na joto likizidi au kazi ya shamba ikiwa nzito mahitaji huongezeka. Mkojo wa rangi hafifu huonyesha kwamba maji yanatosha, ilhali mkojo wa njano iliyokolea huonyesha kwamba yamepungua.

Msomaji wa Newala anaweza kuuliza maji hayo yatatoka wapi, na swali lake ni la haki, kwa kuwa uwanda wa juu wa Makonde una historia ndefu ya uhaba wa maji, na kaya nyingi bado hutegemea visima vya kuhifadhia maji ya mvua yanayovunwa kutoka kwenye mabati. Pale maji yanapopimwa kwa ndoo, mama wa nyumba ndiye anayejinyima wa kwanza. Kwa sababu hiyo inashauriwa maji ya kunywa ya mjamzito yatengwe asubuhi, yakiwa yamechemshwa, katika chombo chake chenye mfuniko, kabla maji mengine hayajagawanywa kwa kupikia na kuogea. Uji mwepesi, supu, madafu na maji ya matunda yasiyotiwa sukari nyingi huhesabiwa pia katika kiasi hicho.

### Hatua ya pili: milo midogo badala ya mlo mmoja mkubwa

Sahani kubwa ya ugali inayoliwa mara moja usiku baada ya kazi ndiyo chanzo cha kawaida cha kiungulia. Mjamzito anashauriwa kugawa chakula kile kile katika sehemu tano, na mfano wa siku moja unaweza kuwa huu:

- Saa 1 asubuhi: uji wa mtama au ulezi uliotiwa karanga za kusaga.
- Saa 4 asubuhi: muhogo au ming'oko ya kuchemsha, pamoja na papai au embe kufuatana na msimu.
- Saa 7 mchana: ugali, kisamvu kilichoungwa kwa karanga au nazi, na mbaazi au kunde.
- Saa 10 alasiri: korosho chache, ndizi au yai la kuchemsha.
- Saa 12 jioni: wali au ugali kidogo, samaki au dagaa, na mchicha au majani ya maboga.

Mlo wa mwisho unafaa kuliwa saa 2 hadi 3 kabla ya kulala. Mjamzito ambaye njaa humpata usiku anaweza kunywa uji kidogo akiwa ameketi, kisha akabaki ameketi kwa muda kabla ya kulala.

### Hatua ya tatu: kinywaji cha moto kwa wakati wake

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, nchini Uingereza, waliwapa watu 30 wenye mafua kinywaji cha matunda, kikiwa cha moto au cha joto la chumbani, na wakaona kwamba kinywaji cha moto kiliwapa nafuu ya pua, kikohozi na koo, ingawa kipimo cha hewa inayopita puani hakikubadilika. Funzo kwa mjamzito ni kwamba chai ya tangawizi, maji ya moto yenye ndimu au supu ya moto vinaweza kumtuliza, lakini havitibu uvimbe, na kwa hiyo hakuna sababu ya kuvinywa kupita kiasi.

Tahadhari mbili zizingatiwe. Chai ya majani huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, kwa hiyo inywewe angalau saa 1 kabla au baada ya chakula na vidonge vya kuongeza damu. Tangawizi nayo itumike kwa kiasi cha kawaida cha jikoni, kipande kidogo katika kikombe, kwa kuwa tangawizi kali huweza kuzidisha kile kiungulia ambacho mjamzito anajaribu kukiepuka.

### Hatua ya nne: kulala kichwa kikiwa juu

Mlo mzuri hupoteza faida yake ikiwa mjamzito analala chali kwenye godoro lililolala sawa, kwa sababu damu huelekea kichwani, utando wa pua hujaa na tindikali hupanda. Upande wa kichwani wa kitanda uinuliwe kwa kuweka tofali imara chini ya miguu miwili ya kitanda, au mito iongezwe mpaka kifua na kichwa viwe juu pamoja, kisha mjamzito alale kwa ubavu, hasa kuanzia wiki ya 28. Kuongeza mto chini ya shingo pekee hukunja tumbo na hakusaidii.

## Namna ya kula pua ikiwa imeziba

Harufu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya utamu wa chakula, kwa hiyo pua ikiziba chakula hupooza, na mjamzito hulazimika kupumua kwa mdomo huku akitafuna, akachoka kabla ya kushiba. Hatua zifuatazo husaidia:

- Pua isafishwe kwa maji ya chumvi, kama inavyoelezwa hapa chini, karibu nusu saa kabla ya kula.
- Chakula kiwe laini na chenye mchuzi, kwa kuwa ugali mkavu na muhogo wa kuchoma humchosha anayepumua kwa mdomo.
- Ladha ikuzwe kwa ndimu, ukwaju, nyanya na kitunguu badala ya kuongeza chumvi, kwa sababu asiyehisi ladha hujikuta akitia chumvi mara mbili.
- Matonge yawe madogo, na mjamzito apumzike katikati ya mlo bila haraka.

Hatari moja haitajwi mara nyingi: asiyesikia harufu hawezi kutambua chakula kilichoharibika. Dagaa waliohifadhiwa penye unyevu, mboga iliyolala na maziwa yaliyoanza kuchacha hupita bila kugunduliwa, na sumu ya chakula ni mbaya zaidi kwa mjamzito. Inashauriwa mtu mwingine nyumbani anuse chakula kilicholala kabla hakijapashwa, na kipashwe mpaka kichemke. Kukiwa na shaka, kitupwe. Vivyo hivyo, muhogo mchungu uandaliwe kwa hatua zake zote za kuloweka na kukausha kikamilifu, na kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha, bila kufupisha kazi kwa sababu ya haraka au njaa.

## Majira ya mwaka na hewa ya nyumbani

Katika wilaya za Masasi na Newala, kinachoizidishia pua adha mara nyingi hakimo ndani ya chakula bali kinatua juu yake.

Kuanzia karibu Mei hadi Agosti, mikorosho hupuliziwa salfa, yaani unga wa kibiriti unaozuia ugonjwa wa ubwiriunga, na unga huo husafiri na upepo hadi kwenye mboga, vyombo na mabati. Salfa huwasha macho, pua na koo. Mjamzito asishike mashine ya kupulizia wala asibaki shambani wakati wa kupuliza. Nguo za aliyepuliza zilowekwe majini na mtu mwingine badala ya kukung'utwa zikiwa kavu. Na kisamvu, majani ya kunde au mchicha uliochumwa chini ya mikorosho uoshwe katika maji mawili au matatu kabla ya kupikwa.

Wakati wa mavuno ya korosho, kuanzia karibu Septemba au Oktoba, vumbi huwa jingi na kazi ya kuokota ni ndefu. Kubangua korosho kwa kuzichoma ni kazi ambayo mjamzito anapaswa kuiacha, kwa kuwa ganda lina mafuta makali yanayounguza ngozi na ambayo moshi wake huwasha njia ya hewa. Korosho yenyewe ni chakula chema, isipokuwa kwa mwenye mzio nayo. Bibo freshi, yaani tunda la mkorosho, lina vitamini C nyingi na linafaa kuliwa, lakini uraka na pombe nyingine zote ziachwe, kwa kuwa pombe hutanua mishipa ya pua na, lililo zito zaidi, humdhuru mtoto tumboni.

Mvua za kwanza zinapokaribia, maji ya awali yanayotiririka kwenye bati yaachwe yapite bila kuingizwa kisimani, kwa kuwa hubeba vumbi na salfa ya miezi iliyopita.

Katika majira yote, jiko la mafiga lisilo na njia ya kutolea moshi ni kichochezi kikubwa kuliko chakula chochote kilichotajwa hapa. Kuni ziwe kavu, kupika kufanyike mahali penye hewa, kunde na mbaazi zilowekwe usiku kucha ili muda wa kukaa motoni upungue, na kazi ya kupuliza moto wapewe wengine. Sigara ya mume au mgeni isivutwe ndani ya nyumba.

## Kusafisha pua kwa maji ya chumvi

Hii si hatua ya mlo, lakini viungo vyake viko jikoni, na ni miongoni mwa njia salama zinazopendekezwa kwa wajawazito. Utaratibu wake ni huu:

1. Maji yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika 1 au zaidi, kisha yaachwe yapoe yakiwa yamefunikwa mpaka yawe ya uvuguvugu.
2. Nusu kijiko cha chai cha chumvi safi ikorogwe katika kikombe cha robo lita mpaka iyeyuke yote.
3. Bomba jipya la sindano lisilo na sindano, linalopatikana katika duka la dawa, lijazwe maji hayo.
4. Mjamzito ainame juu ya beseni, ageuze kichwa kidogo upande mmoja, apumue kwa mdomo, na asukume maji polepole katika tundu la juu ili yatokee tundu la pili au mdomoni.
5. Arudie upande mwingine, kisha apenge taratibu, tundu moja baada ya jingine.
6. Maji yanayobaki yamwagwe, na bomba lioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kukaushwa.

Asubuhi na kabla ya kulala hutosha kwa wengi. Maji ya kisima au ya mvua yasiyochemshwa yasitumike kamwe, kwa kuwa yanaweza kuingiza vijidudu hatari puani, na magadi yasitumike badala ya chumvi.

## Mashaka yanayoulizwa mara kwa mara

Je, maziwa huongeza makamasi? Hayaongezi. Maziwa huchanganyika na mate na kuacha hisia ya utelezi kooni kwa muda mfupi, na hisia hiyo ndiyo inayodhaniwa kuwa ni ute mpya. Mjamzito anayeyapata asiyaache, ila yachemshwe kwanza.

Je, maji baridi husababisha pua kuziba? Maji baridi hayaleti hali hii. Mwenye kuyaona yanamsumbua anywe ya uvuguvugu, lakini asikae na kiu kwa kukosa maji ya moto.

Mbona pilipili hufungua pua papo hapo? Pilipili huwasha mishipa ya fahamu ya pua na kuifanya imwage maji, jambo linaloonekana kama kufunguka. Baada ya dakika chache uvimbe unabaki pale pale, na mara nyingi kiungulia huongezeka.

Je, chumvi ikatwe kabisa? Kupunguza chumvi iliyozidi kunafaa kwa afya, lakini kuiacha kabisa hakufungui pua. Chumvi ya kupikia iwe yenye madini joto, kwa kuwa madini hayo yanahitajika kwa ubongo wa mtoto.

Je, ndimu na machungwa ni tiba? Si tiba ya pua. Faida yake kubwa ni kusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga za majani, kunde na dagaa, kwa hiyo yaliwe pamoja na mlo huo. Mwenye kiungulia apunguze ndimu usiku.

Je, mayai yaachwe ili mtoto asiwe mkubwa au asipate kasoro? Mwiko huo, unaosikika katika jamii nyingi za Tanzania, hauna msingi wa kitabibu. Yai lililoiva vizuri ni protini ya bei nafuu, na halina uhusiano na pua.

Je, udongo unaotafunwa na wajawazito una madhara kwa pua? Hauzibi pua, lakini unaweza kuwa na minyoo na madini yenye sumu, na huzuia chuma kufyonzwa. Hamu ya udongo ielezwe kliniki, kwa kuwa inaweza kuashiria upungufu wa damu.

## Makosa yanayoleta madhara

- Kuingiza vitu puani. Maji ya kitunguu saumu huunguza utando, na mafuta ya nazi au samli yakivutwa mara kwa mara yanaweza kuingia mapafuni na kuleta ugonjwa.
- Kujifukiza kwa nyungu chini ya blanketi. Mvuke huo umeunguza watu wengi, na joto la mwili likipanda sana si salama kwa ujauzito, hasa katika miezi ya mwanzo. Anayetaka mvuke akae tu karibu na kikombe cha maji ya moto, bila kujifunika.
- Kunywa dawa za miti shamba. Mwarobaini na msubili hazifai kwa mjamzito, na mchanganyiko usiojulikana una hatari zaidi kwa kuwa hata kipimo chake hakijulikani.
- Kutumia dawa za kupuliza puani kwa muda mrefu. Dawa zenye oksimetazolini au zailometazolini hufungua pua haraka, lakini zikizidi siku 3 hadi 5 pua huziba upya kwa ukali kuliko awali. Zitumike kwa ushauri wa mtaalamu tu.
- Kununua vidonge vya mafua bila kuuliza. Baadhi vina pseudoefedrini, isiyofaa hasa katika miezi 3 ya kwanza na kwa mwenye shinikizo la damu. Vingine vina aspirini au ibuprofeni, ambazo mjamzito hapaswi kujinunulia, hasa kuanzia wiki ya 20.
- Kuacha vidonge vya kuongeza damu kwa kudhani ndivyo vinavyoziba pua. Vidonge hivyo vinaweza kuleta kichefuchefu au choo kigumu, lakini haviizibi pua.

## Wajibu wa watu wa nyumbani

Sehemu kubwa ya ushauri huu haitekelezeki ikiwa mjamzito anaachiwa peke yake ndoo, kuni na jiko. Mume anaweza kuinua kitanda, kuchota maji na kuwa mbali na nyumba wakati wa kuchanganya salfa. Mama mkwe, ambaye mara nyingi ndiye mwenye sauti katika mambo ya uzazi, anaweza kuhakikisha kwamba mjamzito anatengewa chakula chake mapema jioni badala ya kula cha mwisho baada ya watu wote. Watoto wakubwa wanaweza kuosha mboga na kukaa motoni.

## Wakati wa kwenda kituo cha afya

Lulindi imezoea huduma ya hospitali tangu enzi za misheni. Kwa hiyo zahanati, kituo cha afya au hospitali, kama ile ya Mkomaindo mjini Masasi au ya Ndanda, isichukuliwe kuwa mahali pa kukimbilia baada ya tiba zote za nyumbani kushindwa. Mjamzito aende mara moja akiona mojawapo ya haya:

- homa ya kiwango chochote, au baridi na kutetemeka;
- kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe, au uso na mikono kuvimba ghafla, ambazo ni dalili za kifafa cha mimba kinachokaribia;
- kukosa pumzi hata akiwa amepumzika, kifua kubana au kutoa mlio;
- damu ya pua isiyokoma baada ya kuinama mbele na kubana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15;
- maumivu ya uso pamoja na ute wa njano au kijani;
- kikohozi cha wiki 2 au zaidi, kupungua uzito au jasho la usiku;
- kushindwa kula au kunywa, au mtoto kupunguza kucheza.

Kukoroma kwa nguvu kulikoanza wakati wa ujauzito kutajwe pia kliniki hata kama hakuna maumivu, kwa kuwa kumehusishwa na shinikizo la damu la ujauzito, ambalo hugunduliwa kwa kupimwa tu.

## Mpango wa wiki moja

Anayetaka kuanza leo hahitaji kufanya yote kwa pamoja. Siku ya kwanza na ya pili atenge maji yake na kuhamishia mlo wa jioni saa 12. Siku ya tatu ainue kitanda na kuanza kusafisha pua asubuhi na usiku. Siku ya nne hadi ya saba apunguze moshi wa jikoni na pilipili, huku akiandika katika karatasi saa ambazo pua huziba zaidi na alichokula au kilichokuwa hewani kabla ya hapo. Usingizi na hamu ya kula vikirudi, aendelee hivyo hivyo mpaka ajifungue, hata kama pua haijafunguka kabisa. Visiporudi, karatasi hiyo aipeleke pamoja na kadi ya kliniki, kwa kuwa itamwezesha mkunga kutofautisha pua ya ujauzito na mzio au ugonjwa mwingine, na kuamua kama dawa inahitajika na ni ipi.